Nyumba Yako Hiyo, Mtani

Jumapili, 6 Machi 1994

Mawingu yamekaa juu ya kilele cha Bondwa tangu asubuhi, lakini mvua haijashuka. Baada ya misa nilipiga pasi mashuka ya hoteli, yale mazito ya pamba ambayo Bwana Mwinjuma hataki dobi ayaguse. Kesho naanza rasmi kazi ya mkuu wa vyumba, kwa hiyo nimeona nianze kuandika tena kila siku, kama nilivyozoea nilipokuwa sekondari kwa masista. Masika ni kipindi kizuri cha kuandika. Hakuna pa kwenda.

Hoteli imepakana nasi kwa nyuma. Inaitwa Nguzo Saba kwa sababu ya nguzo za baraza lake. Zamani ilikuwa nyumba ya Mgiriki wa mkonge, baadaye ikawa ghala la shirika la umma, mwisho ikawa ya popo. Serikali ilipoanza kuuza vitu vyake, Bwana Mwinjuma akainunua. Ina vyumba vinane tu. Richard, meneja aliyeletwa kutoka Dar, anasema udogo huo ndio thamani yenyewe: mgeni mwenye fedha amechoka na maghorofa, anataka kulala penye historia.

"Historia ya nani, baba?" Mama Mkubwa Asia alimwuliza.

"Ya mtaa wenu huu, mama."

"Kumbe! Basi na mimi nakaa ndani ya bidhaa."

Nyumba yetu aliijenga bibi, aliyewazaa Mama Mkubwa na mama yangu, kwa kazi ya kuwafulia Wagiriki. Kwetu Waluguru nyumba ya namna hii hushuka kwa wanawake. Mama Mkubwa hakuzaa, mama yangu alishafariki, kwa hiyo baada yake ni mimi, na baada yangu ni binti yangu aliye bweni. Haina hati. Ina watu wanaojua.

Jumatatu, 7 Machi

Mvua ya kwanza alfajiri, ya kulaza vumbi tu.

Bwana Mwinjuma alipita barazani kwetu kama kila siku. Mama Mkubwa alikuwa anachambua mchele wa futari.

"Wewe kizee! Bado unalala kwenye nyumba yangu?"

"Nyumba yako? Wewe uliyezaliwa migombani mvua ikikunyeshea, ukafunikwa jani?"

"Nakupa mpaka Idd. Nikikukuta, vyombo vyako natupa mtaroni."

"Chukua, mtani wangu, nyumba yako hiyo. Chukua na mende wake. Mchukue na huyu Felista, anakoroma." Akanisukuma mbele kidogo.

Mzee Stambuli, balozi wetu wa nyumba kumi, hushona viatu ng'ambo ya barabara. Alicheka mpaka akaweka sindano chini.

Maneno haya nimeyasikia tangu utoto. Ukoo wa Mwinjuma na ukoo wetu ni watani tangu huko milimani. Wao ndio huchimba makaburi yetu, nasi tunachimba yao. Mtani hulala ndani ya kaburi akagoma kutoka mpaka apewe kitu. Hukamata mbuzi wa mfiwa, hubeba sufuria ikiwa jikoni inachemka. Unamkomboa kwa kitu kidogo, kuku au kibaba cha unga, naye anarudisha alichochukua, mnacheka, maisha yanaendelea. Mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia umejivunjia heshima mwenyewe.

Bwana Mwinjuma aliondoka hapa akiwa kijana wa mitumba, akarudi na malori. Wengine wakirudi na malori hawasalimii. Yeye anasalimia. Kwa hilo nampenda.

Jumatatu, 14 Machi

Idd. Mvua kidogo jioni. Bwana Mwinjuma alituletea paja zima la mbuzi. "Kula, kizee, unenepe. Sitaki kuja kuzika mifupa mitupu."

Alhamisi, 17 Machi

Mvua mchana. Niliporudi kazini nilisikia nyundo uani kwetu. Fundi Mikidadi na vijana wake walikuwa wanabomoa ukuta wa nyuma, ule unaotutenga na hoteli. Mama Mkubwa amekaa kwenye kigoda anawagawia uji.

"Mama Mkubwa, kuna nini?"

"Mtani wangu leo kanichukulia ukuta!" Alikuwa anacheka machozi yakimtoka. "Nimechukuliwa mbuzi, nimechukuliwa sufuria, ukuta sijawahi. Huyu mwana ana akili."

Akaingia bandani, akamkamata yule kuku wa madoadoa, akanipa. "Mpelekee. Mwambie nakomboa ukuta wangu."

Nilimpelekea. Bwana Mwinjuma alimpima kuku kwa mkono. "Mwambie kakonda kama mwenyewe." Nilicheka nami. Mikidadi alikuwa nyuma yangu anafuta jasho. Yeye hakucheka, lakini yeye ni mtu wa Mahenge, nikadhani haelewi utani wa kwetu.

Ijumaa, 18 Machi

Mvua. Ukuta umelala palepale.

Jumanne, 22 Machi

Kwenye pipa la jiko la hoteli nimeona manyoya ya madoadoa. Mpishi anasema Bwana na Richard walimla mchana na wageni fulani wa benki. Nilimpa Mama Mkubwa habari hiyo kwa furaha. Kuku akiliwa, kitu kinarudi.

Jumamosi, 26 Machi

Matofali ya saruji yameshushwa nyuma. Mama Mkubwa anasema kumbe anataka kumjengea ukuta mpya wa kisasa. Amefagia uwanja ili mafundi wasikanyage uchafu.

Jumatatu, 28 Machi

Mikidadi amefunga kamba kutoka kwenye ua wa hoteli. Haikuishia pale ukuta ulipokuwa. Imepita juu ya kifusi, imepita mpapai wetu, imefika mlango wa jiko la Mama Mkubwa na kufungwa kwenye kigingi.

"Fundi, ukuta unajengwa mpaka huku?"

"Dada Felista, mimi nafunga kamba ninapoambiwa nifunge."

"Uliambiwa nini?"

Alikaza fundo ambalo tayari lilikuwa limekazwa. "Kamuulize mwenye kamba."

Ijumaa, 1 Aprili

Ijumaa Kuu. Mvua imenyesha bila kupumzika. Maji yalikuwa yakizuiwa na ule ukuta na kuzunguka kwenda mtaroni. Sasa yanatoka ua wa hoteli, ambao wameusakifu wote, na kuja moja kwa moja jikoni kwetu. Mafiga yamezama, kuni zinaelea. Tumepika barazani kwa mkaa. Mama Mkubwa amekanyaga maji tangu asubuhi akiokoa vyombo, na sasa anakohoa.

"Mtani wangu kaniletea na bahari," anasema. Lakini alisema akiwa anatazama maji, hakunitazama mimi.

Jumapili, 3 Aprili

Pasaka. Mvua.

Jumanne, 5 Aprili

Leo Richard alikuja kukagua vyumba. Vyote vimepewa majina ya vilele vya Uluguru. Kikubwa kuliko vyote ni Bondwa, chenye kitanda cha mninga na dirisha la kutazama mlima. Aliridhika. Akafungua dirisha la nyuma, akaonyesha nyumba yetu kwa kidole, kwa furaha kabisa, kama mtu anayempa mwenzake habari njema.

"Dada Felista, pale pakishasafishwa patakuwa bomba. Bwawa la kuogelea linaanzia kwenye huo mpapai. Chumba cha bibi tunakiacha kama kilivyo, kuta za udongo zionekane, inakuwa baa."

"Chumba cha bibi yupi?"

Alinitazama. "Si Bwana amesema mmemalizana? Alisema bibi alimpa kwa mdomo wake, mtaa mzima unasikia. Hata balozi yupo tayari kushuhudia." Akashusha sauti. "Ina maana wewe hukujua?"

Nilimaliza kutandika. Sijui nilitandika nini.

Jumatano, 6 Aprili

Mvua asubuhi, jua la dakika chache, mvua tena.

Nilimkuta Bwana Mwinjuma ndani ya Bondwa, anabonyeza godoro kwa kiganja.

"Bwana, nina neno."

"Sema, mtani mdogo."

"Ni kweli nyumba yetu mnaihesabu kuwa ya hoteli?"

Hakushtuka. Aliketi kwenye kitanda nilichokuwa nimekinyoosha. "Felista, mimi sikuiba. Niliomba mchana, barazani, mbele za watu. Nikaambiwa chukua. Umemsikia mara ngapi akisema chukua?"

"Huo ulikuwa utani."

"Na nilipobomoa ukuta, alikasirika? Aliwapikia mafundi uji. Mtu anayebomolewa hapiki uji."

"Alidhani unatania."

"Basi alidhani vibaya." Alisema hivyo bila ukali, na ndiyo maana nikaogopa. "Nisikilize. Viwanda vinafungwa, watu wanarudishwa majumbani. Mtaa huu nani analeta kazi? Nyumba yenu haina hati. Mwaka kesho atakuja tajiri wa mbali ambaye hata salamu hajui, atakwenda ofisi ya ardhi, atatoka na karatasi, mtaamkia nje. Mimi nawapa nyumba mtaa wa Mafiga. Bati jipya, umeme, choo cha ndani. Nani mwingine angewapa?"

"Na kuku?"

"Kuku gani?"

"Kuku wa kukomboa ukuta. Ulimla."

Hapo alicheka, akanipiga begani kidogo kama zamani. "Wewe umesoma, Felista. Bado unahesabu kuku?"

Nilirudi kazini. Kilichonisumbua siku nzima ni kwamba kuhusu hati anasema kweli.

Jioni nilikwenda kwa Mzee Stambuli. "Shikamoo, mzee. Ni kweli utashuhudia?" Aliitikia marahaba akaendelea kushona. Kijana wake amepewa kazi ya mapokezi. "Nitasema nilichosikia," akasema. "Alisema chukua. Sikusikia neno jingine." Uzi ulimkatika mara mbili.

Jumamosi, 9 Aprili

Nimekwenda Mafiga kuiona nyumba. Nilijiambia naenda kutazama tu. Ni nyumba nzuri. Sakafu haina ufa, ukifungua bomba maji yanatoka, ukibonyeza taa inawaka. Nilisimama ndani ya choo nikavuta mnyororo, nikasikiliza maji yakishuka. Niliona mahali pa kuweka meza ya binti yangu.

Jumapili, 10 Aprili

Mvua kubwa. Nilimweleza Mama Mkubwa yote: bwawa, baa, balozi, Mafiga. Nikasema mimi naona tukubali.

Alikuwa amejifunika blanketi, kikohozi kinamtikisa. Alisubiri kikohozi kipite. Kisha akaanza kucheka. Nikakasirika. Nilimwambia anacheka kama mtoto wakati nyumba ya mama yake inageuzwa baa. Nilimwambia uji wake ndio umetufikisha hapa. Sijawahi kumsemesha hivyo.

"Huko Mafiga," akasema, "nitataniwa na nani?"

"Mama Mkubwa, huyu hatanii!"

"Kuku aliliwa?"

"Nilishakwambia, aliliwa."

"Wewe uliyaona manyoya kwa macho yako?"

"Niliyaona."

Kicheko kikakatika. Alivuta blanketi mpaka kidevuni, akatazama pale ukuta ulipokuwa. Ndipo nilipojua kwamba alikuwa bado anangoja. Muda wote huu, na maji jikoni, na kamba mlangoni, alikuwa anangoja ukuta wake urudi, kwa kuwa haijapata kutokea mtani akala cha kukombolea na asirudishe.

Jumatatu, 11 Aprili

Nilimwambia twende baraza la kata, tumshitaki.

"Mtani hashitakiwi."

"Hata huyu?"

"Nikimshitaki nimesema hatukuwahi kuwa watani. Na waliomzika mama yangu walikuwa nani? Wapita njia?"

Jumatatu, 18 Aprili

Mama Mkubwa hospitali tangu Ijumaa. Mapafu. Bwana Mwinjuma alituma gari limpeleke na machungwa mfuko mzima. Sielewi mtu huyu. Nadhani hata yeye haoni mkono mmoja unafanya nini na wa pili unafanya nini.

Jumamosi, 23 Aprili

Ametoka hospitali. Barua yangu imekwenda kwa Mjomba Yakobo, kijijini Mkuyuni, kwa mkono wa dereva wa lori la ndizi.

Jumanne, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Jua.

Mjomba Yakobo ameshuka na mkungu wa ndizi na fenesi begani. Yeye ni mdogo wake Mama Mkubwa na ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Ni mtu wa kanisa kama mimi, si wa msikiti kama dada yake, hanywi, hapayuki. Alizunguka uani, akatazama kifusi, kamba, jiko lenye tope. Akaja kukaa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umeuona ukarimu wa mtani wetu?"

"Nimeuona. Kuku kala?"

"Kala."

"Na ukuta ndio ule uliolala."

"Ndio ule."

Alimenya ndizi taratibu. "Felista ananiambia mahakama. Mahakamani atasema ulisema chukua, na ni kweli ulisema. Tutashindwa, na tutakuwa tumemkasirikia mtani hadharani. Lakini mimi nauliza, dada. Yeye kachukua. Wewe umechukua nini chake?"

"Nichukue nini? Ana nini ambacho si cha wazungu?"

"Sijui. Mimi mtu wa shamba."

Akachukua ndizi nyingine. Kisha Mama Mkubwa akanigeukia kama vile ananiuliza bei ya nyanya. "Felista, kwenye hoteli yenu chumba kizuri kuliko vyote ni kipi?"

"Bondwa."

"Kina mlango upande gani?"

Nilimwambia. Sikumuuliza kwa nini.

Ijumaa, 6 Mei

Manyunyu. Kesho ufunguzi. Maua ndani ya kila chumba, vyandarua vimefungwa kwa utepe. Bondwa ni cha mgeni rasmi, mkubwa mmoja kutoka wizarani. Nimenyoosha shuka lake mara tatu. Nina hofu na sijui ya nini. Hapana, najua.

Jumamosi, 7 Mei

Naandika kwa urefu kwa sababu sitaki baadaye nije kujidanganya kuhusu jinsi ilivyokuwa.

Asubuhi mlima ulionekana mpaka kileleni, kisha saa nne wingu likashuka. Wageni walifika mchana: mkubwa wa wizara na msafara wake, wazungu watano wa wakala wa utalii, watu wa benki, na wazee wa mtaa ambao Bwana Mwinjuma aliwaalika mwenyewe, Mzee Stambuli akiwa na kanzu mpya. Bwana Mwinjuma alikuwa amevaa suti ya kijivu. Alipendeza. Alisema hotuba fupi nzuri kuhusu mtaa uliomlea.

Kisha Richard akawaongoza kutazama vyumba. Alianza na Bondwa. Akafungua mlango, akarudi nyuma hatua moja, akanikanyaga.

"Dada Felista," alinong'ona. "Nani yuko kitandani?"

Mama Mkubwa alikuwa kitandani. Amevaa kanga mpya, miguu ameosha, ndala zake ameziweka vizuri juu ya mkeka. Shuka limemfika kifuani. Alikuwa amepita kwenye uwazi wa ukuta uliobomolewa, akakatiza ua wa hoteli, akaingia kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyemzuia kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kumzuia.

"Karibuni," akasema. "Msisimame mlangoni, mtaingiza baridi."

Mkubwa wa wizara alitazama, akamgeukia mwenyeji wake. "Huyu mama ni nani?"

"Ni mwenye hoteli," Mama Mkubwa akajibu kabla ya mwingine. "Huyo wa suti ni kijana wangu wa kubeba mabegi. Mvivu, lakini namvumilia, mama yake alinibembeleza."

Wazee wa mtaa wakaangua kicheko. Mkubwa yule ni Mzaramo, na Wazaramo na sisi ni watani pia. Nilimwona uso ukimfunguka. "Shikamoo, mama mwenye hoteli. Na mimi nilikuwa nimeandaliwa chumba hiki. Sasa nitalala wapi?"

"Marahaba. Mzaramo analala popote, si mmezoea kulala kwenye mikorosho?"

Sasa walicheka wote, na wakala wa utalii akawa anawatafsiria wazungu wake mbio mbio. Bwana Mwinjuma naye alicheka. Afanye nini? Lakini alinisogelea, na tabasamu likiwa bado mdomoni akasema chinichini, "Mtoe."

Kazi yangu ilikuwa kwenye neno hilo. Nilifikiri nyumba ya Mafiga. Nilifikiri ada ya binti yangu. Nikaenda mpaka ubavuni mwa kitanda, na Mama Mkubwa akanitazama, na nikaona kwamba hajui nitafanya nini. Alikuwa anatetemeka, mapafu hayajapona.

"Mgeni anahitaji blanketi la pili," nikasema. "Naomba ruhusa nikalete."

Nikalileta, nikamfunika.

"Bwana Mwinjuma," mkubwa akasema, akijifuta macho kwa leso, "umeshashikwa. Kikomboe chumba chako, tuendelee."

Bwana Mwinjuma aliamuru kuku kutoka jikoni. Aliletwa mzima, mweupe, mkubwa, wa kisasa. Mama Mkubwa aliketi kitandani, akamshika, akampima kwa mkono mmoja.

"Huyu kanenepa," akasema. "Kama mwenyewe."

Kisha akateremka. Alifanya jambo ambalo sikulitarajia: akamweka kuku sakafuni, miguu imefungwa, akatandika kitanda. Alivuta shuka pembe kwa pembe, akanyoosha mto, akakunja blanketi la pili akalirudisha mikononi mwangu. Watu walikuwa bado wanacheka mwanzoni. Alipofika kwenye mto walikuwa wamenyamaza. Akavaa ndala, akamchukua kuku wake.

"Kuku nimepokea. Chumba chako hicho, mtani."

Akatoka.

Nilimtazama Bwana Mwinjuma. Alikuwa anatabasamu bado, lakini macho yake yalikuwa kwenye kitanda. Ndipo Mzee Stambuli, ambaye uzi ulimkatika, ambaye kijana wake alikuwa amesimama mapokezi na tai shingoni, akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza saa:

"Na ukuta wake je, Mwinjuma? Si kuku wake ulikula?"

Mkubwa wa wizara aliuliza ukuta gani. Mzee Stambuli akampeleka dirishani akamwonyesha.

Jumapili, 8 Mei

Mvua. Sijafukuzwa. Sijaambiwa neno lolote.

Jumatatu, 9 Mei

Mikidadi amekuja na vijana wake asubuhi. Kwanza alifungua kamba kwenye kigingi cha jiko, akaizungusha mkononi, akampa Mama Mkubwa. "Ya kuanikia nguo, mama." Kisha wakaanza kujenga.

Jumamosi, 14 Mei

Ukuta umekwisha. Ni wa tofali za saruji, wameupiga na lipu. Umesimama hatua moja ndani zaidi ya ule wa zamani, upande wetu. Mikidadi aliniambia hivyo ndivyo alivyoagizwa, akatazama pembeni. Mama Mkubwa ameiona hatua hiyo. Alipita akaikanyaga kwa mguu, kama mtu anayepima kitambaa, akaingia ndani. Kuku mweupe anataga.

Jumatatu, 16 Mei

Jua. Bwana Mwinjuma alipita barazani, mara ya kwanza tangu ufunguzi. Alisimama mahali pake palepale.

"Wewe kizee! Hujafa tu?"

Mama Mkubwa aliinua uso kutoka kwenye ungo. "Hujambo, Bwana Mwinjuma? Habari za wageni?"

Alingoja. Alidhani kuna kingine kinafuata. "Nyumba yangu hujaifagia leo," akasema.

"Nitafagia. Karibu ukae. Nikuletee maji ya kunywa?"

Mzee Stambuli alikuwa na sindano mkononi. Hakushona, hakucheka.

Jumatano, 18 Mei

Amepita tena. Alimwita mchawi, alimwita gunia la mifupa. Mama Mkubwa alimuuliza afya ya watoto.

Jumamosi, 21 Mei

Idd ya kuchinja. Ameleta paja la mbuzi. Mama Mkubwa amelipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamrudishia sahani ikiwa na maandazi chini ya kitambaa safi.

Alhamisi, 26 Mei

Kazini. Vyumba sita vina wageni. Bwana Mwinjuma alinikuta ndani ya Bondwa, akafunga mlango nusu.

"Felista. Mwambie mama yako mkubwa anitukane."

Nilidhani sikusikia vizuri. Alikuwa anazungusha funguo za gari mkononi.

"Mama yangu ni mgonjwa huko milimani. Daktari kasema tumpumzishe nyumbani. Akiondoka, nani atakuja kuligomea kaburi? Ukoo wenu ndio wa kuja. Nitazika mama yangu kimya kimya kama mtu asiye na kwao?" Akazikamata funguo kiganjani. "Hatua ile nitaisogeza. Ukuta nitaurudisha palepale. Mwambie."

Miezi miwili iliyopita ningelia kwa huruma. Wiki sita zilizopita ningefurahi. Leo nilimtazama tu, mtu mkubwa mwenye malori, anaomba tusi.

Nilimfikishia Mama Mkubwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie nimemsamehe," akasema.

"Hakuomba msamaha, Mama Mkubwa. Mtani hasamehewi, wewe mwenyewe umenifundisha. Hakuna cha kusamehe."

"Ndiyo. Anayesamehewa ni mtu baki. Basi mwambie hivyo."

"Na mama yake akifa?"

Alikuwa anamlisha kuku mweupe kiganjani. "Nitakwenda. Nitavaa kanga safi, nitatoa rambirambi yangu, nitakaa na wanawake wenzangu, nitalia kidogo. Wakishazika nitarudi."

Jumapili, 29 Mei

Hakuna mvua wiki nzima. Mlima umeoshwa, unaonekana mpaka miti ya kileleni. Mikidadi anabomoa ukuta mpya ili ausogeze ulipokuwa ule wa bibi. Safari hii Mama Mkubwa hakuwapikia uji.

Asubuhi Bwana Mwinjuma alipita. Wamesalimiana vizuri sana.